Kikombe Kisichoonjwa

Asubuhi ile niliondoka bila safari. Nilifungua dirisha nikaona Mlima Meru umevua mawingu yote, mweusi, karibu kuliko jana yake, kama mtu aliyekusogezea kiti kitandani wakati umelala. Nikatia vitu mfukoni: sweta, kopo langu la kuchanganyia vinywaji, nusu chupa ya jini, asali ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, ndimu nne. Nyuma ya mlango ulining'inia mwavuli mweusi. Nikauacha. Haukuwa wangu, siku zote nilidhani ni wa jirani yangu msusi.

Ufunguo nikamwachia huyo huyo msusi. Alikuwa ameshaanza kazi, kichwa cha mteja kiko magotini kwake.

"Unaenda wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Juu tu."

"Haya," akasema, akavuta rasta moja mpaka mteja akafinya macho. "Ukifika Juu Tu uwasalimie."

Amenizoea. Tunapanga vyumba mkabala huko Daraja Mbili, Arusha, na ameshaniona nikiondoka hivyo mara nyingi. Shule niliiacha kidato cha pili, si kwa ada wala mimba kama watu wanavyopenda kukisia. Dirisha la darasa letu lilitazama barabara, na barabara ilikuwa inaenda mahali. Tangu hapo nimeokota kahawa, nimeuza mitumba, nimepika kwenye kambi za watalii, na kwa muda mrefu kuliko kazi nyingine zote, nimesimama nyuma ya kaunta.

Kokteli nilijifunzia kwenye baa moja ya mjini, ambako wageni waliagiza vinywaji vyenye majina marefu na mkuu wetu wa kaunta alivifupisha vyote kuwa "kile chekundu" na "kile cha majani". Sheria yake kubwa ilikuwa moja: glasi ya mteja haiguswi na mdomo wako. Ukitaka kujua umekosea wapi, chovya mrija, dondosha tone nyuma ya kiganja, lamba hilo. Nilipigwa kofi la mkono siku nilipoonja kwa kusahau. Baada ya hapo mkono wangu ulijifunza: ukimaliza kukoroga, unaweka glasi mbele ya mtu, unatabasamu, unaondoa mkono. Naweza kufanya hivyo nikiwa usingizini.

Nyumbani nilikuwa huru zaidi. Jumapili msusi akitoka kanisani, tulikaa kibarazani na ndoo ya barafu ya duka la samaki, ambayo ilibidi tuioshe kwanza. Yeye ni wa Kilimanjaro, Mkatoliki, mwenye mdomo. Nilimchanganyia jini, maji ya tangawizi, asali na ndimu. Ganda la ndimu nililichuna kwa utepe mwembamba, nikalifunga fundo, nikalitupia ndani. Fundo lile hakunifundisha mtu. Siku moja nilikuta vidole vyangu vinalifunga.

Mwisho wa kiangazi, siku chache kabla ya safari hii, nilinunua mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, kwa mama wa nyumba ya pili, nikaichuja kwa kitambaa mpaka ulezi ukabaki juu, nikaichanganya na jini na asali. Nilidhani nimegundua kitu ambacho hakijawahi kuwapo duniani. Msusi alinusa glasi akaisukuma.

"Mbege ni ya mizimu wa mlimani. Hiki ni jini. Unamtia jini wa pwani na mzimu wa mlimani glasi moja, halafu unaniambia ninywe mimi?"

"Ni pombe tu, dada."

"Ndivyo hivyo hivyo wanavyoanza."

Nikanywa peke yangu. Ilikuwa tamu kwa namna iliyonisumbua, kama wimbo unaoujua ubeti wa pili bila kuujua wa kwanza. Sikumwonjesha mtu mwingine.

Basi, siku ile nilivuka mji kwa miguu, nikapita Engutoto, nikafika Moshono jua likiwa limepanda. Bodaboda mmoja alinifuata polepole.

"Dada, twende wapi?"

"Sijui."

"Sijui ni mbali sana, dada. Huko nauli yake ni nyingine."

Nilicheka nikaendelea. Baada ya nyumba mpya za matofali na mageti yaliyopakwa rangi, njia ilianza kupanda. Mashamba ya kahawa chini ya migomba, mfereji unaopiga kelele ndogo kando ya njia, kanisa la Kilutheri lenye kengele nje. Na hapo juu wingu likashuka. Halikuja kama mvua. Lilishuka tu kati ya migomba, jeupe, likaja likasimama njiani. Saa nane mchana sikuweza kuona zaidi ya hatua moja mbele yangu. Nilisikia watu wakipita, nikasema shikamoo kwa kubahatisha, nikajibiwa marahaba na sauti zisizo na miili. Sauti moja ya mwanamke iliongeza, "Umechelewa." Nikadhani anasema na mtu mwingine.

Baa niliitambua kwa redio yake kwanza. Ilikuwa nyumba ya mbao iliyopakwa bluu hadi kiunoni, benchi mbili, kaunta yenye wavu. Ndani kulikuwa na watu wawili. Nyuma ya kaunta alisimama binti wa miaka ishirini na kitu, na kwenye benchi mwanamume mnene wa makamo mwenye koti la ngozi, ambaye baadaye nilijua ni Mchaga anayenunua kahawa kwa wakulima.

Binti aliponiona aliweka chini chupa aliyokuwa anafuta.

"Dada," akasema. "Umerudi."

"Mimi?"

"Si nilikuambia!" Mchaga akapiga paja. "Nilisema huyu ni wa kurudi. Haya, mrembo, mwavuli wangu uko wapi?"

"Mwavuli gani, kaka? Mimi sijawahi kufika hapa."

"Na mwavuli wangu nao haujawahi kufika? Uliniambia, kaka niazime mpaka barabarani. Barabara gani hiyo, ya Nairobi?"

Nilicheka, kwa sababu alikuwa anachekesha. Binti hakucheka. Alikuwa ananitazama mikononi.

"Duniani wawili wawili," nikasema. "Mmenifananisha."

"Labda," binti akasema taratibu. "Lakini mwenzio huyo alikuja masika yaliyopita akiwa na kopo kama hilo linalochungulia mfukoni mwako. Alikaa siku kadhaa, akatuchanganyia vinywaji. Tulimpenda. Siku ya mwisho alichuja mbege kwa kitambaa, akatia jini, akatia asali, akampelekea babu yangu. Hakuonja."

Nilitafuta benchi nikakaa.

Masika yaliyopita niliumwa malaria. Ninachokumbuka ni bati, mvua juu ya bati, na uji. Msusi ndiye aliyeniletea uji, au ndivyo alivyoniambia. Saluni yake ilikuwa imejaa wakati ule, na hakuja kila siku.

"Kwani kutoonja ni nini?" nikauliza, ingawa nimekaa Arusha miaka ya kutosha kujua.

Mchaga ndiye aliyejibu, na safari hii bila mzaha. "Huku kwetu anayekupa kinywaji anakunywa yeye kwanza. Anatoa sumu. Hata mama yako mzazi. Ukinipa kikombe ambacho hukukionja, umeniambia neno baya sana mbele za watu, hata kama unacheka."

"Na yeye alicheka," binti akasema. "Alikiweka mbele ya babu, akatabasamu, akaondoa mkono."

Nikatazama mkono wangu. Ulikuwa umelala juu ya meza, kama mkono wa mtu mwingine aliyeusahau hapo.

Binti akanieleza yote, akiwa ameegemea wavu. Babu yake alikunywa kwa heshima ya mgeni, kisha usiku akakumbuka kwamba mgeni hakuonja. Asubuhi aliamka ulimi wake umekufa: chumvi haisikii, sukari haisikii. Mgeni naye alikuwa ameshaondoka. Zahanati walimpa vidonge. Mchungaji alimwombea. Tangu siku ile babu hajapokea kinywaji mkononi mwa mtu yeyote, hata maji, hata chai ya mjukuu wake. Anakwenda mferejini mwenyewe na kikombe chake cha bati, anachota, anakificha ndani ya koti. Alisema mdomo wake ameufunga yule mwanamke, na ndiye atakayeufungua.

"Na kesho," Mchaga akaongeza, akimtazama binti, "wanakuja wakwe na mbege."

Hilo nalo nililijua. Upande wa mwanamume unaleta mbege, mkubwa wa ukoo wa binti anapokea kata ya kwanza, anakunywa. Akinywa, mambo yameiva. Akikataa, mitungi inabebwa kurudi ilikotoka, na hakuna anayeuliza mara ya pili. Baba yake binti alikuwa amefariki. Wa kunywa alikuwa babu peke yake.

"Nimembembeleza mpaka nimechoka," binti akasema. "Ananiambia, mjukuu wangu nakupenda, lakini mdomo huu si wangu. Dada, kama hutaki kukumbuka, usikumbuke. Mimi sitakuuliza ulikuwa wapi. Njoo tu uonje mbele yake."

"Na akigundua si mimi?"

"Akigundua," Mchaga akasema, "mwambie arudishe mwavuli."

Ningeweza kuondoka. Miguu yangu inajua kazi hiyo kuliko nyingine zote. Lakini nje wingu lilikuwa limeziba mlango kabisa, na kuna kitu ndani yangu ambacho siku zote kimekuwa kikubwa kuliko woga: nilitaka kumwona mtu aliyewahi kuniona.

Tulipita nyuma ya baa, katikati ya migomba, binti mbele. Majani yalikuwa yanadondosha maji ingawa mvua hainyeshi. Babu alikuwa jikoni, kwenye kigoda, karibu na moto, amevaa koti refu na kofia ya sufu. Mkono mmoja alikuwa ameuingiza ndani ya koti. Alikuwa mwembamba, na macho yake yalikuwa na hasira ya mtoto aliyenyimwa.

"Shikamoo, babu."

Alinitazama kuanzia miguuni hadi usoni, moto ukilia.

"Sauti umebadilisha," akasema mwisho. "Uso umesahau."

"Babu, mimi—"

"Nani kakuuliza? Marahaba. Changanya."

Binti alileta mbege kwenye jagi. Niliichuja kwa kitambaa changu. Nikapima jini, asali, nikakamua ndimu, nikafunga kopo, nikatikisa. Barafu haikuwapo, na kopo bila barafu lilitoa sauti ya maji yanayotembea ndani ya mtu. Babu alifuata kila kitu kwa macho. Nilipochuna ganda la ndimu nikalifunga fundo, aliinua kidole.

"Hilo," akamwambia mjukuu wake. "Unaliona? Halafu anataka kusema si yeye."

Nikamimina kwenye glasi. Nikaifuta ukingo. Na hapo, mbele ya mzee na mjukuu wake, baada ya kuambiwa yote yale, mkono wangu ukainua glasi, ukaiweka kwenye kigoda kingine mbele yake, na uso wangu ukatabasamu.

Binti alivuta pumzi kwa nguvu.

Babu hakusogea. "Ndiyo," akasema kwa sauti ndogo. "Hivyo hivyo."

Nilirudi kuichukua kama mtu anayemtoa mtoto motoni. Nikanywa, funda kubwa.

"Meza nikuone koo."

Nikameza, nimeinua kidevu. Alijiinamisha mbele, akaangalia koo langu kama fundi anavyoangalia bomba. "Tena." Nikanywa tena. Nilisikia baridi ya glasi, kisha moto wa jini ukishuka. Asali sikuisikia. Nikafikiri haikukorogeka, imebaki chini.

Babu alitoa mkono ndani ya koti, akaweka chini kikombe chake cha bati, akapokea glasi kwa mikono miwili. Alikunywa kidogo. Akafumba macho. Binti alikuwa amesimama mlangoni ameuma upindo wa kitenge.

"Asali," babu akasema.

Binti aliachia upindo.

"Asali ya nyuki wadogo. Na ndimu." Akanywa tena, akapiga ulimi. "Na hiki kinachouma ni nini?"

"Jini, babu."

"Jini!" Mabega yalianza kumtetemeka, na kwanza nilidhani analia. "Kanisani miaka yote wananifundisha kumkemea. Hawakuniambia ananyweka!"

Akacheka mpaka akakohoa. Binti alikuja akapiga magoti, akamshika miguu, akilia waziwazi kwa sauti, na babu akampigapiga kichwani kwa mkono usio na glasi, akimwambia nyamaza, nyamaza, wakwe wakikukuta na macho hayo watadhani tunakuuza kwa nguvu. Kisha akanigeukia mimi, na uso wake haukuwa na kicheko tena.

"Kesho utakuwepo."

"Babu, mimi ni mpita njia."

"Kata ya wakwe utaonja wewe kwanza, ndipo ninywe. Usipokuwepo, mdomo nitaufunga tena, na safari hii nitakufa nao umefungwa. Umesikia?"

Binti aliniangalia kutoka chini pale alipokuwa. Sijawahi kumwahidi mtu kwamba nitakuwepo mahali kesho. Neno lenyewe lilikuwa gumu kutoka.

"Nimesikia, babu. Nitakuwepo."

Giza lilikuwa linaanza kuingia ndani ya wingu, likiligeuza la kijivu. Binti aliniletea chai. Niliona kwa macho yangu akitia sukari, vijiko vikubwa viwili, kwa furaha. Nilikunywa. Ilikuwa ya moto tu.

"Sukari imetosha, dada?"

"Imetosha," nikasema. Nikajiambia ni uchovu wa njia.

"Twende nikuonyeshe unapolala. Chumba chako kipo."

Alisema hivyo, chumba chako, kama mtu anavyosema kiatu chako. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya baa, kitanda cha kamba, blanketi mbili, dirisha la mbao linalotazama mlimani, ingawa mlima wenyewe haukuonekana. Kilinukia moshi na karafuu. Akawasha taa akaniacha.

Nilikaa kitandani. Sijui ni kwa nini nilitazama kwanza msumari ulio pembeni mwa dirisha, katika chumba ambacho sijawahi kuingia. Ulikuwa na ganda la ndimu, jembamba, limekauka likawa la kahawia, limefungwa fundo. Sikuligusa.

Nikampigia msusi. Mtandao ulikuja na kupotea.

"Umefika Juu Tu?"

"Nimefika. Sikiliza. Ule mwavuli mweusi nyuma ya mlango wangu, ni wako?"

"Mwavuli? Wenye mpini wa mbao?"

"Huo."

"Wangu tangu lini? Mimi nilijua ni wako." Nyuma yake nilisikia mashine ya kukaushia nywele. "Ule mpini si umepasuka pasuka? Nani angenunua. Kwani vipi, huko mvua inanyesha?"

"Hapana," nikasema. "Ni wingu tu."

"Unarudi lini?"

Nilikuwa nataka kusema kesho, kama ninavyosema siku zote, nikashindwa. Nikamwambia kuna sherehe, nimeombwa kuonja. Alicheka akasema angalau safari hii nimepata kazi inayonifaa, na simu ikakatika.

Ndimu moja ilikuwa imebaki mfukoni. Niliichuna ganda kwa vidole, nikalifunga fundo, nikalitundika kwenye msumari kando ya lile kavu. Kisha nikalamba vidole. Havikuwa vichungu wala vichachu. Ulimi ulisikia maji tu.

Uani walikuwa wanaosha mitungi kwa ajili ya kesho, na sauti ya Mchaga ilikuwa inamuuliza mtu kama mwavuli umepatikana. Halafu nikasikia babu, kutoka jikoni, akiita kwa sauti kubwa ya mwenye nyumba:

"Jamani, hakuna wa kuniletea maji humu?"

Nikasikia miguu ya binti ikikimbia uani, na mlio wa kata ikiingia mtungini. Ukapita muda mfupi, na najua alikuwa anafanya nini katika muda ule: alikuwa anakunywa kwanza.